Nilivyotoka Jangwani Nikaishia Kwenye Dimbwi la Mihogo

Kwanza niwasahihishe. Mjini Kibondo wanasema Madamu Zuhura alizama mtoni. Sikuzama mtoni! Ingekuwa mto ningetembea kifua mbele mpaka leo, kwa sababu mto ni kitu cha heshima, mtu akizama mtoni watu wanampa pole na chai. Mimi niliingia kwenye dimbwi la kulowekea mihogo, maji ya kiunoni, povu juu, na ile harufu ambayo kama umewahi kuisikia huhitaji nikuelezee, na kama hujawahi basi mshukuru Mungu wako. Niliingia kichwa mbele, jua halijazama, mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili, mbele ya wifi yangu, na mbele ya mtu mwingine ambaye nitamtaja tukifika huko, maana nikimtaja sasa hivi nitashindwa kuendelea. Naisimulia leo mara moja tu. Mwenye kucheka acheke, lakini asinikatize.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kibondo nililetwa na barua ya ajira, miaka kumi na mbili iliyopita, nikaja na begi moja na koti la baridi la kuazima, nikaambiwa nifundishe fizikia, nikafundisha mpaka nimekuwa makamu mkuu wa shule, yule wa nidhamu, yule ambaye akitokeza tu kwenye kona watoto wanachomekea mashati bila kuambiwa. Mume wangu, Baba Nasra, ni bwana mifugo, mzaliwa wa Dar, tulikutana hukuhuku. Tuna nyumba, tuna kuku, tuna maisha.

Sasa nitawashangaza: mimi mama mkwe wangu nampenda. Najua wengi wenu hamwezi kusema hivyo bila kuangalia nyuma, lakini nilipokwenda kusoma shahada yule mama alimlea Nasra miaka miwili mizima, na hajawahi hata siku moja kunikumbusha. Siku hizi magoti yamemchoka. Alikuwa anakaa Dar kwa bintiye Saida, ghorofa ya tatu, na Saida anatoka kazini usiku, na katikati ya mwaka mama akaanguka ngazini. Baba Nasra akasema mama aje kwetu, nyumba haina hata ngazi moja na hewa ni safi. Saida akajibu, na namnukuu, "Mama yangu hapelekwi porini mpaka nikalione hilo pori kwa macho yangu."

Akaja kuliona. Kutoka Kigoma mpaka Kasulu alinipigia simu mara tatu kuuliza kama amepotea, kutoka Kasulu mpaka Kibondo mara tano kuuliza mbona ni miti tu. ("Wifi, miti haiishi?" "Haiishi, wifi." "Na watu wako wapi?" "Wako nyuma ya miti.") Alipofika akaanza ukaguzi. Vumbi jekundu limeingia kwenye mashuka yake meupe, kwa nini alikuja na mashuka meupe sijui. Ugali wa muhogo unanuka. Usiku kuna baridi, asubuhi kuna jogoo. Siku ya nne, Ijumaa jioni, amekaa kibarazani kwangu na chai yangu mkononi, akauliza kwa upole kabisa, ule upole wa mtu ambaye ameshaandika ripoti kichwani:

"Hivi wifi, ninyi huku jioni huwa mnafanya nini?"

Ningesema ukweli kwamba huwa tunakaa kibarazani kama tulivyokaa pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nikaona mama mkwe anabaki na ngazi zake kwa sababu mimi sina cha kufanya jioni, nikakumbuka tangazo nililoliona limebandikwa pale stendi, nikasema, "Jioni huwa tunakwenda jangwani."

"Jangwani? Kibondo?"

"Kesho nakupeleka."

Jangwa lenyewe, jamani, ni shimo la moramu. Wakati wa kujenga barabara ya lami walichimba udongo upande wa Kitahana mpaka kilima kizima kikaisha, kikabaki kiwanja kikubwa chekundu, vichuguu na mabonde, hata jani halioti. Sisi wote tulikuwa tunaliona ni shimo. Butoyi peke yake ndiye aliyeliona ni jangwa. Butoyi alikwenda kufanya kazi kwenye mahoteli ya watalii pwani, akarudi na pikipiki tatu za magurudumu manne, zile zenye matairi manene, ambazo watoto wa Kibondo wanaziita trekta mtoto, akachora tangazo: SAFARI YA JANGWANI, TAZAMA MACHWEO, KIONGOZI MZOEFU.

Na Butoyi ni mwanafunzi wangu. Hapo ndipo penye kidonda. Nilimfundisha kidato cha pili na cha tatu, mtoto wa dawati la nyuma dirishani, na siku moja, mbele ya darasa zima, nilimwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kumwambia mtoto. Nilimwambia, "Wewe Butoyi hata kuku watakushinda kuwaongoza." Yeye alicheka na wenzake. Mimi nikaendelea na somo la msuguano.

Basi Jumamosi saa kumi na moja jioni tumefika pale kwake, mimi na Saida, Butoyi katutokea amevaa miwani mikubwa ya jua na kizibao chenye mifuko kumi na minne, akaniamkia vizuri, "Shikamoo Madamu," akatufunga vilemba vya jangwani (vitenge, kanunua kwa akina mama wa Kikongo kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, changu kilikuwa na picha za vifaranga), akatupa helmeti, kisha akasimama mbele yetu kama mimi ninavyosimama mbele ya darasa, akasema:

"Naomba dakika kumi za mafunzo."

Dakika kumi! Butoyi anifundishe mimi! Mimi ambaye naendesha pikipiki kwenda kazini kila siku ya Mungu, masika na kiangazi, tena na mkoba wa madaftari nyuma. Nikamwambia, "Butoyi mwanangu, mfundishe mgeni, mimi chombo nakijua."

"Madamu, hiki ni tofauti kidogo na..."

"Kina magurudumu mawili zaidi. Nimeona."

Nikasogea pembeni, nikatoa simu, nikajifanya nampigia Baba Nasra kumuuliza kama kuku wamefungiwa. Huo ndio uamuzi ulioniponza. Mdogo tu. Dakika kumi za kusimama juani na kumsikiliza mtoto niliyemfundisha, zikanishinda. Na Saida, yule Saida anayelalamikia jogoo, alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomea udaktari, anauliza maswali, anarudia alichoambiwa, anaweka mkono, anatoa mkono. Nilipoona wanamalizia nikarudi, nikamkuta Butoyi ananyanyua mkono wake wa kulia, anasema, "Na hilo ndilo la muhimu kuliko yote. Sawa?"

"Sawa," akasema Saida.

"Sawa," nikasema na mimi.

(Lipi? Sikuuliza lipi! Mimi ambaye nikiwa darasani mtoto akisema "sawa" namsimamisha anieleze sawa gani!)

Tukaondoka. Butoyi mbele, Saida katikati, mimi nyuma, na wa nyuma anakula vumbi la wawili. Kilikuwa kiangazi chenyewe, nyasi zimechomwa, moshi umetanda juu ya vilima, na kwa kweli kwenye njia iliyonyooka chombo kilikuwa kinakwenda chenyewe, polepole, nikasema moyoni ndicho hiki alichotaka dakika kumi? Tukafika jangwani. Naomba niseme ukweli hata kama unaniuma: palikuwa pazuri. Lile shimo ambalo nimelipita miaka yote bila kugeuza shingo, jua lilipoinama kupitia ule moshi liligeuka rangi ya shaba, vichuguu vikatupa vivuli virefu, kimya, mpaka mimi mwenyewe nikanyamaza. Saida akazima chombo chake, akavua miwani, akalitazama jua. Halafu akasema taratibu, "Wifi. Hapa mama angepapenda."

Mmesikia? Nilikuwa nimeshinda! Mchezo umekwisha, filimbi imepulizwa, nilitakiwa nigeuze nirudi nyumbani nikapike. Lakini Saida akatoa simu akasema ngoja ampigie mama kwa video amwonyeshe jua, na Butoyi akasema picha nzuri ni tukiwa tunaendesha tunashuka kuelekea bondeni huku jua liko nyuma, yeye atangulie, sisi tumfuate palepale anapokanyaga. Palepale, akarudia. Mimi nikafikiri: mama mkwe anaangalia, na mimi naonekana nyuma kabisa ndani ya vumbi kama mzigo uliosahaulika? Nikaona kushoto kuna kinjia cha miguu kinashuka bondeni, safi, hakina vumbi. Nikakata kushoto.

"Madamu! Siyo huko! Madamu!"

Wallahi nilidhani ananishangilia. Nikampungia mkono.

Sasa nisikilizeni kuhusu kile chombo. Pikipiki ya kawaida ukitaka mwendo unazungusha mkono wa kulia, ukitaka kupunguza unaurudisha, na hata mkijaribu kunifunga macho mkono wangu unajua. Kile chombo hakizungushwi. Mwendo wake uko kwenye kidude kidogo kinachobonyezwa na kidole gumba. Ukibonyeza kinakwenda, ukiachia kinasimama, mtoto mdogo anaweza. Lakini kinjia kilipoanza kuteremka, na kikateremka kwelikweli, mimi nikafanya anachofanya binadamu yeyote mwenye hofu: nikashika kwa nguvu. Na ukishika kwa nguvu gumba linabonyeza. Nikarudisha mkono, hakuna kitu. Nikaurudisha tena, nikasokota ule mpini kama nguo ya kufua, chombo kinanguruma tu na mbio zinaongezeka. Nikakamata breki kwa vidole vinne, cha tano, yaani gumba, kikazidi kukandamiza, kwa hiyo mkono mmoja huohuo sehemu moja inasema simama na sehemu nyingine inasema nenda, na mteremko ukampigia kura aliyesema nenda. Nikashusha mguu chini kama ninavyofanya kwenye pikipiki yangu. Kiatu kikabaki. Mimi nikaendelea.

Mwisho wa mteremko kuna mwamba mpana, na juu ya mwamba akina mama walikuwa wanazoa mihogo iliyokauka, maana jua likizama umande unaingia. Mihogo myeupe, imepangwa vizuri mwamba mzima, kazi ya wiki. Nikapiga kelele, "Pisheni! Pisheni jamani!" na nikasikia mama mmoja anasema, "Mawee, trekta mtoto!" kisha wakatawanyika kama kuku, na mimi nikapita katikati ya ile mihogo, inapasuka chini ya matairi kama bisi, ungo mmoja ukaning'inia mbele, unga ukanijaa usoni, sioni, napiga kelele, nafikiri sasa nitasimama, na pale mwamba unapoishia ndipo bonde linapoanzia, na bondeni ndiko walikochimba dimbwi la kulowekea.

Chombo kilisimama. Matairi ya mbele yalizama kwenye tope la ukingoni, kikasimama tuli, kizima, hakina hata mkwaruzo. Mimi sikusimama.

Sitaeleza ladha. Nitasema tu kwamba mihogo iliyolowekwa siku nne inakuwa laini kama uji, na inaingia masikioni. Nilipoinuka, helmeti imejaa maji, kitenge cha vifaranga kimenikaba shingo, maganda mabegani, nikafuta macho, na cha kwanza nilichokiona ni watoto kama kumi, wamesimama mstari ukingoni na ndoo zao za maji. Kidato cha pili. Mkondo wa B. Wanaishi kijiji kile. Wakanitazama. Nikawatazama. Na kwa sababu nimewafundisha adabu kwa miaka miwili, wakaweka ndoo chini, wakasimama wima, wakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, Madamu!"

Na mimi, jamani, kinywa kina mazoea yake, nikajibu, "Marahaba. Kaeni."

Wakakaa! Wote kumi, chini, kwenye nyasi, wakisubiri nianze kipindi.

Akina mama wakafika mbio. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Tereza, mjane, mama wa makamo mwenye mikono kama ya mpasua mbao, na ile mihogo yote, ya mwambani na ya dimbwini, ilikuwa yake, ya harusi ya mwanawe. Nilijua anakuja kunitukana na nilikuwa tayari. Lakini aliingia dimbwini na nguo zake, akanishika kwapani, akanitoa, akanikalisha kwenye jiwe, akanipapasa mikono, miguu, shingo, "Hapa panauma? Hapa?" Mwingine akaleta ndoo za maji ya chemchemi wakanimwagia tatu nne, mwingine akavua kitenge chake cha juu akanifunika ili wanafunzi wangu wasinione nilivyolowa. Alipohakikisha sijavunjika, ndipo Mama Tereza akasimama wima, akashika kiuno, akaanza.

"Wewe mwalimu! Wewe una akili? Mwamba wote huu, bonde lote hili, hukuona pa kupita isipokuwa juu ya mihogo yangu? Mwanangu anaoa wiki ijayo ile nyingine! Wageni nitawalisha nini, vumbi lako?"

Alinisema mpaka Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kiha. Kiha chote sikuelewa, ila watoto walielewa, na jinsi walivyoziba midomo nikajua sihitaji tafsiri.

Butoyi akafika anahema. Nilimsubiri acheke. Ilikuwa haki yake, miaka yote ile aliidai. Akapiga magoti pale topeni akaangalia kifundo cha mguu wangu, akasema, "Madamu, umeumia?" Nikasema hapana. Akasema kwa sauti ya chini, bila kejeli hata chembe, na ndiyo maana iliniuma zaidi:

"Gumba, Madamu. Niliwaambia gumba."

Na nyuma yake akaja Saida, anashuka kinjia kwa utaratibu, ameachia gumba lake kama alivyofundishwa, mkono mmoja ameshika simu juu. Kwenye simu nikasikia sauti ninayoijua.

"Saida! Huyo mtu aliyekuwa anaogelea ni nani?"

Mama mkwe. Alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa amepigiwa aonyeshwe jua, akaonyeshwa mimi, kuanzia kinjia mpaka dimbwi, na mtandao ambao siku zote unakatika nikitaka kutuma alama za wanafunzi, siku ile haukukatika hata sekunde.

"Ni Zuhura, mama," akasema Saida.

Mama akasema, "Mwambie avue hizo nguo asishikwe na kichomi." Simu ikakatika. Nikajua basi. Mama haji. Nani atakuja kukaa na mkwe wa namna hii?

Mtu angedhani aibu imetosha. Kile chombo changu kikagoma kuwaka, tope limeingia kusikotakiwa, watoto wakakivuta kwa kamba mpaka barabarani, kwa hiyo nikarudi mjini nimepakiwa nyuma ya wifi yangu. Mimi, mwenye leseni. Kiatu kimoja, kitenge cha watu, kichwani povu. Hakuna njia ya kuingia Kibondo bila kupita katikati ya mji, na ilikuwa saa ile watu wote wako nje, sokoni wanafunga, bodaboda wamejipanga, na harufu inatutangulia kama king'ora. Mama mmoja muuza ndizi aligeuka akamuuliza mwenzake nani ameanika udaga, ile mihogo ya kulowekwa, usiokauka. Tukapita mbele ya msikiti, watu wanaingia Magharibi, na pale mlangoni kasimama Baba Nasra na mkuu wangu wa shule. Baba Nasra akaniona. Najua aliniona, macho yetu yalikutana. Akatazama juu mbinguni, kama mtu anayetafuta mwezi, akavua viatu, akaingia kusali. Alisali sunna siku ile mpaka imamu akamshangaa.

Nyumbani nikaoga mara tatu. Mara ya nne Saida akanigongea mlango, akaniletea limau. Kisha nikamsikia sebuleni anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Mama Tereza na bahasha. Nilitaka nilipe, yaishe, nirudi nikajifungie. Akaitazama bahasha, akanirudishia.

"Hela haivundiki, mwalimu," akasema. "Hata niiloweke mwezi mzima, wageni hawatakula. Mihogo ipo shambani, siku zinatosha tukianza leo. Kisu kile pale."

Ndivyo ikawa. Nilimenya mihogo kutwa, na Saida naye, nilimwambia abaki nyumbani akakataa, akakaa kwenye kigoda na kucha zake za rangi, na nusu saa tu alikuwa ananishinda. Mama Tereza akija anachukua muhogo wangu mmoja, anaugeuza, anaurudisha: "Ego, ndiyo, jitahidi. Ganda umeliacha." Anachukua wa Saida: "Huu ndio." Watu wa kijiji walipita siku ile kuliko siku zote. Walikuwa wanapita kwenda chemchemini bila ndoo.

Jumatatu sikutaka kwenda kazini. Nikaenda. Mstarini kimya, kimya kibaya, watoto mia nne wanaangalia viatu vyangu. Kipindi cha tatu nikaingia kidato cha pili B, na kwa bahati yangu ilivyo mbaya mada ilikuwa mwendo. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja mpole wa dawati la mbele, ambaye hajawahi kuuliza swali tangu aje, akanyoosha mkono.

"Madamu, kwa nini pikipiki ilisimama wewe ukaendelea?"

Ningeweza kumtoa nje. Nikachukua chaki, nikachora mteremko, nikachora mwamba, nikachora dimbwi, nikachora na mimi mwenyewe hewani, nikafundisha. Ndiyo mada pekee mwaka ule ambayo darasa zima lilifaulu, na mkaguzi akaniuliza nilitumia zana gani.

Jioni ile Saida alikuwa anafunga begi. Nikajikaza nikamuuliza, "Kwa hiyo mama ndiyo basi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Hujui? Mama alishaamua palepale Jumamosi." Akakaa kitandani. "Wifi, mama alipoanguka kule kwangu alikaa kwenye zile ngazi karibu saa nzima. Watu walipita. Wengine walimruka. Mimi nilikuwa kazini." Akakunja shuka lake lililokuwa jeupe. "Ameniambia, mahali ambapo mtu akianguka wanamtoa kwanza ndipo wanamgombeza, nipeleke hapo."

Nikatoka nikaenda jikoni. Moshi wa kuni, ndugu zangu, unaumiza macho.

Mama yuko kwetu sasa. Anakaa kibarazani, amekuwa rafiki wa Mama Tereza, na kila mgeni akija anamsimulia, na kila akisimulia mteremko unakuwa mrefu zaidi na mimi napiga kelele zaidi. Siku hizi anasema nilikuwa namwita yeye, sijui nilimwita lini. Nilichojifunza hakina urefu: mtu akikuomba dakika kumi mpe, hata kama ni yule uliyemwambia kuku watamshinda, na usiseme sawa kabla hujajua ni sawa ya nini. Butoyi nilimfuata dukani kwake nikamwomba radhi kwa yale maneno ya darasani, yeye akacheka, akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Na nimeapa. Sipandi tena kitu chochote chenye magurudumu manne kisicho na milango. Lakini wiki iliyopita Saida akapiga simu, anakuja mwezi wa kumi na mbili na mashoga zake watatu wa kazini, wanataka jangwa, ameshaongea na Butoyi akodi vyombo zaidi, amechukua nafasi tano.

"Mbona tano, wifi? Ninyi si mko wanne?"

"Ya tano yako. Butoyi amesema utakaa mbele kabisa, karibu naye."

Nimeshamwambia Baba Nasra kwamba siku hiyo mimi nitakuwa na homa. Homa yenyewe bado haijaja, ila tarehe nimeshaipangia.